Doa Jeupe Mgongoni mwa Fundi Cherehani

Askari wa mpaka wa Kavimvira alichungulia ndani ya ambulansi. Akaona mgonjwa aliyelala na mpira wa mkojo, mwanamke aliyekumbatia chupa ya chai, na mwanaume aliyenuna kama aliyelazimishwa kuja. Akamgeukia Inspekta Honorine, akamuuliza ni yupi kati yao aliyekamatwa.

"Hakuna," Honorine akajibu. "Yule wa kukamatwa nimemuacha mu kasho."

Aliyeachwa kasho alikuwa Pudentienne Ninahazwe, mjane wa kijiji cha Runingu, mkulima wa mihogo, aliyekimbia mapigano ya uwanda wa Ruzizi na kuja kuishi Uvira kwa binti yake Keza. Katika nyumba hiyo alipika bukari, ugali wa muhogo, mkwe wake Vainqueur, fundi cherehani, akala, na wiki chache baadaye miguu ya Vainqueur ikafa. Majirani hawakuhitaji mpelelezi. Mama mkwe katoka mbali, mama mkwe kapika, mkwe kaanguka. Ni karuho, walisema, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu wa Kivu anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Sylvestre, kaka mkubwa wa Vainqueur, alikuja na umati kumtoa mama huyo nyumbani, na Honorine akamfungia katika kasho ya polisi kwa sababu ndicho chumba pekee mtaani chenye mlango wa chuma.

Tangu hapo mambo yalizidi kuharibika, na aliyeyaharibu zaidi ni mshukiwa mwenyewe. Honorine alimhoji mara mbili, na mara zote mbili Pudentienne alitoa jibu lilelile, mikono mapajani, macho sakafuni. Nani alichimba ile mihogo? Minye, yaani mimi. Nani aliiloweka? Minye. Nani aliianika, akaitwanga, akaipika? Minye. Hakuna mkono mwingine uliogusa? Hakuna. Mwendesha mashtaka alipoyasoma hayo alifurahi sana, maana ni nadra mtu kujifunga kamba mwenyewe na kukukabidhi ncha. Alimpa Honorine nafasi moja tu: alete neno la daktari, ama faili iende mahakamani vilevile ilivyo.

Lakini mahakama haikuwa hofu kubwa ya Honorine. Sylvestre alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba mama huyo akiachiliwa bila ushahidi, hatavuka geti la polisi akiwa hai. Honorine alimjua Sylvestre kuwa mtu wa maneno machache anayeyatimiza. Kwa hiyo alimbeba Sylvestre ndani ya ambulansi. Kama kuna picha ya kuonwa, aione kwa macho yake.

Picha hiyo ilikuwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, kwa mashine ambayo Uvira haikuwa nayo. Chama cha mafundi cherehani wa mtaa wa Mulongwe kilichangia, na Daktari Inamahoro, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikubali kuwapokea asubuhi hiyohiyo.

"Inaitwa IRM," aliwaambia. "Ni sumaku kubwa. Rediografia inaonyesha mfupa. Hii inaonyesha kilicho ndani ya mfupa: ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka mgongoni na kupeleka amri kwenye miguu."

Fundi wa mashine akaanza maswali yake. Una chuma mwilini? Risasi? Kipande cha bomu? Kwa wagonjwa wanaotoka ng'ambo ile ya mto, hayo huulizwa kabla ya meno ya bandia. Vainqueur akatikisa kichwa. Fundi akapitisha vidole kwenye kola ya shati la mgonjwa, akachomoa sindano. Akapitisha tena, akachomoa ya pili.

"Ni mushonaji," Keza akasema kwa aibu. "Hata ku misa anaenda nazo."

Walipokuwa wakimbadilisha nguo, blanketi liliteleza, na Honorine akaiona miguu ile kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imekonda, jambo ambalo hakulishangaa. Lililomshangaza ni makovu, membamba, mengi, yaliyokatana huku na huku kuanzia vifundoni hadi katikati ya mapaja. Hapo yalikoma. Juu ya mapaja ngozi ilikuwa safi. Alikumbuka maneno ya Sylvestre siku ya mashtaka: mdogo wangu ni mtoto wa Bukavu, kuogelea hajui, kuvua hajui, tangu asubuhi hadi jioni yuko kwenye cherehani. Honorine akalirudisha blanketi mahali pake.

Mlango ukafungwa. Mashine ikaanza kugonga kama watu wanaopigilia mabati, na Keza akashtuka. Honorine akakaa naye kwenye benchi la korido. Sylvestre alikuwa amesimama mbali, dirishani.

"Keza, mihogo yenu munaloweka wapi?"

"Mu mufereji, kule Runingu. Karibu na shamba ya mama."

"Nani anaenda?"

"Mama. Wakati ingine minye."

"Maji iko na urefu gani?"

Keza akafikiri. "Inafika ku kifundo."

"Njia ile iko na watu wa bunduki kila siku, wanapita na njaa. Muhogo uko mu maji ya kifundo, kila mutu anauona. Na hawaibi?"

"Hawaibi," Keza akasema, kisha akaigeuzia mashine masikio yake yote, kana kwamba ndiyo iliyomwita. Honorine akaitazama miguu yake iliyokuwa kwenye kandambili. Haikuwa na kovu hata moja.

Daktari Inamahoro aliwaita wakati Vainqueur angali anavalishwa. Mbele yake palikuwa na skrini, na kwenye skrini mgongo wa mtu, kama uliopasuliwa kwa ubavu: mifupa imepangana, na katikati yake utepe wa kijivu ukishuka.

"Sogea, Bwana," akamwambia Sylvestre. "Inspekta amesema wewe ndiye wa kuridhishwa."

Sylvestre akasogea.

"Mliniletea maneno ya watu watatu," daktari akaendelea. "Wa kwanza anasema alipigwa. Ni kweli?"

"Ni kweli," Honorine akasema. "Wanamugambo walimupiga kitako cha bunduki ku mugongo, ku barrière ya kufunga njia ya Runingu. Alisema alikuwa anaenda kupima sare za shule."

"Basi angalia mifupa. Hakuna uliovunjika, hakuna uliohama, hakuna damu iliyoganda. Kipigo kilimuumiza, lakini hakikuiua miguu. Na kwa kuwa tuko kwenye mifupa: kifua kikuu kikishuka mgongoni hula mifupa miwili inayopakana na kuacha usaha katikati. Hapa hakijala kitu."

"Na muhogo?" Honorine akauliza. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, na alilipenda kwa sababu lingemfanya Pudentienne kuwa mzembe tu na si muuaji. Vita vinafupisha kila kitu, hata siku za kuloweka, na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hupooza watu.

"Konzo," daktari akasema. "Nimeiona. Miguu inakakamaa, lakini mgonjwa anakojoa mwenyewe, na picha yake hutoka safi. Huyu ana maumivu ya kiuno, miguu imelegea, mkojo umefunga. Na picha yake haikutoka safi."

Akaweka ncha ya kalamu chini ya utepe ule wa kijivu, pale unapokaribia kuisha. Hapo utepe ulinenepa, na ndani yake palikuwa na weupe.

"Katika picha hii maji ni meupe, na uvimbe ni maji. Kipande hiki cha mwisho kimevimba. Sasa angalia hii ya pili, baada ya kumchoma dawa ya kung'arisha." Picha ikabadilika. Ndani ya uvimbe vikaonekana vinundu vidogovidogo, vimetawanyika kama chenga za mchele. "Kila kimoja ni mahali ambapo mwili unapigana na kitu. Kwa watu wa ziwa na mabonde, mahali hapa na sura hii, mawazo yangu ya kwanza ni kichocho. Mayai ya yule mnyoo hupotea njia, yakaingia mgongoni."

Sylvestre akadakia. "Na karuho? Karuho inaonekana ku picha?"

"Karuho siijui ni kitu gani, kwa hiyo sitakudanganya kwamba ningeiona. Lakini sumu ninazozijua hazichagui kipande kimoja cha mgongo na kukijaza vinundu."

Sylvestre aliinama hadi pua ikakaribia skrini, akakaa hivyo kwa muda, na Honorine akamwonea huruma. Ilikuwa wazi kwamba alimpenda mdogo wake, na alihitaji sana kuwe na mtu wa kumchukia.

Honorine akamtuma atafute maji ya kunywa. Alipotoka, daktari akafunga mlango.

"Inspekta, usinishangilie bado. Picha inaniambia mahali na aina. Jina la mdudu haiandiki. Maabara wameona mayai ya kichocho kwenye choo chake, lakini nikipima watu wa ufukwe wenu, wengi nitawakuta nayo na wanatembea vizuri. Na kuna magonjwa yanayofanana na haya: kinga ya mwili kuushambulia mgongo wenyewe, au kifua kikuu kukaa ndani ya mshipa bila kugusa mfupa. Tiba ya kichocho ni dawa ya minyoo pamoja na dawa kali ya kushusha uvimbe. Hiyo kali, kama ni kifua kikuu na nimekosea, itamharibu zaidi."

"Unataka nini?"

"Maji. Mtu mzima aliyekulia mahali pasipo na kichocho, akiingia kwenye maji mabaya mara nyingi ndani ya miezi ya karibuni, huyo ndiye ninayemtafuta. Nimemuuliza mara tatu. Anaapa anaoga kwa ndoo. Akiendelea hivyo, nitaandika kwamba sijui. Na mwendesha mashtaka wenu akisoma sijui, atasikia sumu."

Honorine akaomba aachwe na mgonjwa.

Vainqueur alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho kwenye dari. Honorine akavuta kiti.

"Shule ya Runingu ilifungwa tangu mapigano ianze," alisema. "Siku ile wamekupiga, ulikuwa unaenda kupima sare za nani?"

Vainqueur akalivuta blanketi hadi kiunoni.

"Cherehani haikate muntu mapaja, Vainqueur. Majani ya matete njo inakata hivi. Na inakata mupaka pale maji inafika."

"Mama Inspekta..."

"Keza ananiambia muhogo uko mu maji ya kifundo. Mama mukwe wako ananiambia ni yeye anauloweka. Nimeona miguu ya Keza. Ya mama mukwe wako nimeona pia. Hawana alama. Weye njo uko nazo."

Vainqueur akafunga macho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri kuiba.

"Minye njo nilikuwa naloweka."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alikimbia. Shamba ilibaki kule, na hapa hatuna chakula ingine. Ile njia, wanamuke wanakamatwa. Wawili wa jirani yetu walienda kutosha muhogo, kuutoa mu maji, wakarudia, hawasemi na mutu mupaka leo. Nikaambia Keza, weye haupite kule tena, na mama asipite. Minye nitaenda. Nilikuwa naingia katikati ya matete, maji mupaka hapa." Akagusa paja ambalo halikumjibu. "Nafungia mifuko ku mizizi chini ya maji, wanamugambo wasiione. Nasimama mule nikichunga. Inaiva, narudia kuitosha."

"Na ju ya nini ulificha?"

Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Weye ni mutu wa hapa, unaniuliza? Mwanaume analoweka muhogo wa mama mukwe! Mafundi wangeniita mwanamuke, bibi ya Keza. Sylvestre angekata undugu."

"Mama mukwe wako anajua?"

"Anajua. Alilia. Alisema, mukwe wangu, hii tusiseme kwa mutu, nisije nikakuvunjia heshima."

Sasa Honorine aliyaelewa yale majibu mawili yaliyofanana. Mama yule alikuwa amekalia simenti ya kasho, akiulizwa kuhusu mauaji, na kila swali alilipima kwa jambo moja tu: je, litamwaibisha mkwe? Alijitwika kuloweka kwa sababu mwanaume aliyeloweka angechekwa. Hakujua kwamba neno hilo moja ndilo lililomfungia mlango, na kwamba ndilo lingeufungua. Honorine alijisikia hasira, na hakujua amkasirikie nani, wote watatu wakiwa wamedanganya kwa upendo.

"Sikia. Ile maji njo imekuangusha. Iko na mududu. Daktari atakupa dawa leo, ju umesema kweli. Lakini Sylvestre hataamini karatasi."

"Usimuambie. Nakuomba."

"Sitamuambia," Honorine akasema. "Siyo minye wa kumuambia."

Daktari Inamahoro aliandika bila kusita tena, akampa Vainqueur dozi ya kwanza palepale, na barua ya hospitali ya Uvira ili alazwe na kuendelea. Je, atatembea? Keza ndiye aliyeuliza. Wengine hutembea, daktari akasema, hasa wanaowahi, kuahidi siahidi.

Walifika Uvira jua likiwa bado juu. Umati ulikuwa getini kwa polisi: mafundi, majirani, wanawake wa sokoni, na wale ambao huja popote penye umati. Honorine alitaka kumwacha Vainqueur ndani ya gari, lakini mwenyewe aliomba kipoyi, ile machela, kishushwe uani.

Honorine akainua filamu ya ile picha juani, akaeleza alichoelezwa. Mifupa mizima. Doa jeupe. Mdudu. Watu wakanyoosha shingo.

"Sylvestre, ni kweli?" mmoja akauliza.

"Picha nimeiona," Sylvestre akasema taratibu. "Mududu iko. Lakini minye najiuliza kitu moja tangu tumepita Gatumba, ku mupaka. Huyu ni mushonaji. Haingie maji. Mududu ya maji ilimupata wapi, kama siyo mu chakula? Kama mutu hakuitia mule?"

Mnong'ono ukapita. Ilikuwa hoja nzuri, Honorine akakiri moyoni. Ilikuwa hoja yake mwenyewe. Angeweza kuijibu. Akamtazama Vainqueur, akakaza midomo.

Vainqueur alijiinua kwa viwiko.

"Mu matete ya Runingu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Mu matete ya Runingu, maji mupaka mu mapaja! Muhogo ya mama mukwe, minye njo nilikuwa naloweka. Mama haloweki. Keza haloweki. Ni minye."

Nyuma, upande wa mafundi, mtu akaangua kicheko, na mwingine akamfuata.

"Nani anacheka?" Sylvestre akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Atoke mbele, achekee hapa."

Hakutoka mtu. Sylvestre akapiga magoti kando ya kipoyi, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya umati mzima.

"Mubaya weye," akamwambia mdogo wake. "Ungeniambia. Tungeenda wawili."

Honorine akafungua mlango wa chuma mwenyewe. Pudentienne akatoka akiwa amejitanda kitenge, akakunja macho kwa mwanga, na alipomwona mkwe wake amelala akageuza uso pembeni, kama inavyompasa mama mkwe. Alikuwa ameyasikia yote. Kasho haina dirisha la maana, lakini ina nafasi chini ya mlango.

"Nilisema tusiseme," akamwambia Vainqueur bila kumtazama. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na machozi yanamtoka.

Sylvestre akasimama. Akaonyesha ambulansi. "Mama, panda. Tutakufikisha kwanza ku nyumba. Unisamehe. Panda, ukae mbele."

Pudentienne akaitazama ile gari, akawatazama watu waliojaa getini, wale waliokuwa wameapa pamoja na Sylvestre kwamba hatalivuka akiwa hai.

"Mupeleke yeye ku hospitali," akasema. "Minye niko na miguu."

Akakaza kitenge chake kiunoni, akalielekea geti. Watu wakampisha.